Mfaransa Aliyezaliwa Majengo

Tahir Swaleh amechora nyumba mia tatu na ushei katika maisha yake, na hakuna hata moja yenye jina lake. Ukifika Gitothua, kule Ruiru, ukaacha lami na kuingia ndani ndani kule, hutamaliza hatua hamsini kabla hujapita mbele ya ukuta uliofikiriwa naye. Lakini ukifungua mafaili ya ramani hizo utakuta muhuri wa msanifu mwingine kabisa, bwana mmoja wa Nairobi mwenye digrii, ambaye kazi yake katika nyumba zote hizo ilikuwa kuinua mkono wenye muhuri na kuushusha. Tahir amemwona bwana huyo mara mbili. Mara zote mbili aliulizwa kama Thika kumenyesha.

Ndivyo tulivyojipanga huku kwetu. Anayejua kuchora hana muhuri, mwenye muhuri amesahau penseli hushikwa vipi, na kila mtu anakwenda zake ameridhika isipokuwa yule aliyekunja mgongo mezani. Wateja walimwita Tahir "arkitekti" walipokuwa kwake, wakamletea ndizi na maparachichi, kisha siku ya kuweka msingi wakasahau kumwalika kwa sababu walikuwa wanamngojea mwenye digrii. Mwenye digrii hakuwa akija.

Alizaliwa Majengo ya Thika, mtoto wa Mzee Swaleh mwashi. Mama yake alipika mandazi ya kuuza, katika chumba ambacho aliyekijenga aliweka jiko kwenye ukuta wa nyuma, kwa hiyo mama wa watu alimaliza umri wake amewapa wateja mgongo. Waliomwamkia walimwamkia kisogoni. Watoto wa jirani walijifunzia wizi hapo, wakichukua mandazi kwa raha zao. Tahir alipokuwa na miaka kumi alimwahidi kwamba akikua atamjengea jiko linalotazama mlangoni, ili amwone mtu kabla mtu hajamwona. Mama alifariki kabla ahadi haijatimia, na jambo hilo lilimkaa Tahir kifuani.

Kazi yake ya kwanza aliipata Eneo la Viwanda, katika kiwanda cha nguo, kuchora mahali pa kukaa mashine. Kwenye rafu ya ofisi hiyo kulikuwa na rundo la majarida yaliyoachwa na meneja fulani wa zamani, yote ya Kifaransa, yote ya miaka ile ya kati ya vita viwili vya dunia, na yote kuhusu majengo. Tahir hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. Lakini mstari ni mstari. Saa ya chakula alizisoma picha hizo huku ugali wake ukipoa: nyumba nyeupe zilizosimama juu ya nguzo nyembamba, madirisha yaliyokwenda kutoka pembe hadi pembe, na paa bapa, bapa kabisa, kana kwamba mvua ni jambo la watu wengine. Kiwanda kilipofungwa, aliyaomba majarida hayo kwa bawabu, ambaye ndiye aliyekuwa amebaki na cheo kikubwa kuliko wote pale, akapewa.

Paa bapa alilijaribu mara moja tu. Nyumba ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Gitothua, na kwa wiki tatu ilipendeza ajabu. Mvua haikuwa tatizo peke yake. Kwetu paa bapa maana yake ghorofa inakuja, na kila mgeni aliyefika kwa mwalimu alimuuliza kwa upole mambo yamekwama wapi. Majirani walianza kumwombea kanisani. Mwalimu alivumilia masika moja, akaweka mabati, na Tahir akawaachia Wafaransa paa lao.

Alichokishikilia ni dirisha, nalo halikuwa la Kifaransa hata kidogo. Lilikuwa dirisha pana la jikoni, la chini chini, lenye ukingo wa jiwe unaotosha kuwekwa sufuria, na lilitazama geti moja kwa moja. Mafundi waligombana naye kila mara, maana huku jikoni hufichwa nyuma pamoja na tangi la maji na mbwa. Mteja wa kwanza kulikubali alikuwa Wakonyo, mama muuza viazi, mwaka wa tisini na nne. Tahir alimweleza habari za mama yake na mandazi, na Wakonyo akamgeukia fundi.

"Weka," alisema. "Mimi nataka kuona mtu akiwa bado mbali, nijue kama nitakuwa nyumbani."

Kwenye dirisha hilo aliuza viazi, akalea watoto, akamwona binti yake Njambi akirudi na matokeo ya mtihani kwa mwendo uliosema yote kabla ya mdomo. Na kila aliyeisifu nyumba alimjibu kwamba ni ya Tahir. Si yake, ya Tahir. Yeye analala tu. Kama Tahir alikuwa na jina lolote duniani, lilikuwa mdomoni mwa mwanamke huyo.

Basi mwaka juzi mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Daktari alimwambia hali hiyo haitarudi nyuma. Na ni mwaka huohuo alipopata kazi kubwa kuliko zote. Philip, aliyekuwa akiuza matairi Ruiru mpaka alipogundua kwamba ploti hazioti kipara, alitaka kujenga nyumba ishirini na nne ndani ya ukuta mmoja, pale Gitothua inapoishia. Katika matangazo aliandika "dakika mbili kutoka Membley", mtaa wa wenye pesa, ingawa kwa dakika mbili labda uende na ndege. Tahir alimchorea, na zaidi ya malipo aliomba kitu kimoja: jiwe getini, limwandike yeye kuwa mchoraji. Philip alikubali upesi, kama mtu anayekubali jambo ambalo hana nia ya kulikumbuka. Tahir alilitaka jiwe hilo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Alishapima hata ukubwa wa herufi.

Nyumba zilipofika kwenye linta, juu ya madirisha, aliitwa ofisini. Philip alikuwa na Becky, msichana wa mauzo.

"Mzee, plani ni moto, sina maneno," Becky alisema. "Lakini story iko wapi? Client hanunui ukuta. Ananunua story."

"Story ni kwamba hazitavuja," Tahir alijibu.

"Hiyo si story, mzee. Hiyo ni ripoti."

Philip alijikuna shingo, akamwita Tahir kwa jina la mtoto wake. "Baba Ikhlas, unajua vile nakuheshimu. Lakini nikiandika ni za Tahir wa Majengo, mtu ataniambia hata kwao kuna Tahir. Tunataka mtu wa nje. Mzungu."

"Na awe amekufa," Becky akaongeza. "Mzungu mwenye yuko hai atatusumbua na emails."

Wote wawili wakamtazama Tahir, kwa sababu habari za majarida yake zilijulikana Ruiru nzima. Nani mwingine aliwafahamu wasanifu wa Kifaransa wa miaka ya thelathini? Philip alisema wazi alichotaka: amwandikie mmoja, maisha yake na kazi zake, kurasa mbili, na chini ya jina la huyo Mfaransa watatia kwa herufi ndogo, "kwa msaada wa Tahir Swaleh". Tahir alikubali shingo upande. Herufi ndogo nazo husomeka, alijiambia.

Hivyo ndivyo Anselme Brovard alivyozaliwa, juu ya meza ya chakula huko Majengo, kati ya chupa ya chai na sahani ya chapati. Tahir alikusudia kuandika uongo mfupi wa kawaida, lakini kalamu ilimponyoka. Akamfanya Brovard mtoto wa mwashi. Akampa mama aliyeuza mikate akiwapa watu mgongo, katika mtaa wa makabwela huko Lyon. Akampeleka kiwanda cha hariri kuchora mahali pa kukaa mashine. Vita vya kwanza vilipokwisha, Brovard alikwenda Paris akachora majumba ya watu wazito, lakini kwa kuwa hakusoma chuo chao walimnyima muhuri, na kila jumba lake likatiwa saini na bwana mmoja mwenye ndevu, ambaye hakuwahi kumuuliza lolote ila kama Lyon kumenyesha. Hapo Tahir aliweka kalamu chini akafuta macho. Halafu mwaka wa 1931, kwa uchungu, akampandisha meli, akamfikisha kwenye shamba la mkonge karibu na Thika, akamwonyesha mvua yetu mpaka Mfaransa wa watu akatubu habari za paa bapa. Brovard akaanza kuchora nyumba zenye dirisha la jikoni linalotazama geti, ambazo hakuna aliyetaka kuzijenga, na mwaka wa 1938 akafa mkono wake wa kulia ukitetemeka, akaacha sanduku la michoro.

Mishi, mke wa Tahir, aliyasoma hayo akiwa amesimama.

"Huyu Michelle mkewe," aliuliza, "anayetia chumvi kwenye chai akikasirika. Ni nani?"

"Ni Mfaransa."

"Nilitia mara moja, Tahir. Mara moja! Mwaka wa harusi." Alisoma hadi mwisho, kisha akavuta kiti akaketi. "Umejivua mwenyewe nguo zako zote ukamvika huyu mtu. Wewe umebaki na nini?"

"Jina langu litakuwa chini yake."

"Chini wapi?" Mishi aliuliza.

Becky aliupokea mswada kwa simu. "Mzee, nimelia! Nimelia kabisa. Ni ndefu kidogo tu, nitakata mwisho."

Zile herufi ndogo zilikuwa mwishoni.

Siku ya uzinduzi mtaa ulikuwa na jina jipya, Brovard Gardens. Uso wa marehemu ulitengenezwa na kompyuta: ndevu, kofia, na macho ya mtu aliyebanwa na gesi tumboni. Jiwe la ukumbusho lenye uso huo lilisimamishwa kwenye pembe ya ukuta, kando ya barabara, na aliyelichora ni Tahir, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kulichora. Wahudumu walivaa kofia za Kifaransa zilizonunuliwa mitumba sokoni Thika. Mgeni wa heshima, kiongozi mmoja ambaye hajawahi kuliona tenti akalipita, alishika maikrofoni akatangaza kwamba Brovard ni wetu, alikuja kwetu tukampokea kwa mikono miwili, na kuanzia leo jiwe hili ni urithi. Hakuna aliyekuwa amemwomba aseme hivyo, lakini alitia saini barua fulani na jambo likawa rasmi.

Wakonyo alikuja na Njambi, ambaye alikuwa anatafuta nyumba ya kununua. Waliingia katika nyumba ya mfano, wakapita sebuleni, wakafika jikoni. Wakonyo akasimama.

"Ngai! Njambi, kuja uone! Hili dirisha ni la Tahir!" Sauti yake ilikuwa ya soko, na watu wote wakageuka. Akamwona Tahir mlangoni na sambusa mkononi. "Baba Ikhlas, si hii ni jikoni yangu? Si ni wewe ulichora hii?"

Watu wapatao hamsini wakamgeukia Tahir. Philip alimkazia Tahir macho. Tahir alikuwa ametajwa, kwa jina lake, mbele za watu, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na alichotakiwa ni kusema ndiyo. Lakini wanunuzi walikuwa wamekwisha kutoa pesa kwa ajili ya Mfaransa, na Mfaransa aliandikwa na nani? Kusema "ni yangu" ilikuwa ni kusema "mimi ni mwongo" kwa pumzi hiyohiyo. Aliogopa. Na wakati bado anaogopa, Becky alikuwa ameshafika katikati.

"Mnaona influence ya Brovard? Imefika mpaka Gitothua! Mzee Tahir alisoma michoro yake. Si ndio, mzee?"

"Ndiyo," Tahir alisema. "Nilinakili."

Watu walipiga makofi. Wakonyo hakupiga.

"Miaka thelathini," alisema polepole, "nimekuwa nikiambia watu ni yako." Akamshika Njambi mkono, wakatoka. Tahir alijiona takataka, na sambusa hakuimaliza.

Ilipita miezi mitatu. Watu wa barabara wakaja kuipanua ile barabara, na mstari wao ulipita juu ya pembe ya Brovard Gardens. Lakini pembeni kulikuwa na jiwe, na jiwe lilikuwa urithi, na barua ilikuwepo. Wakausogeza mstari upande wa pili. Kwa upande huo ukazikuta nyumba za watu wa Gitothua, na asubuhi moja Wakonyo aliamka akakuta ukuta wake umepigwa alama nyekundu ya X, ya kubomolewa. Alipewa mpaka Alhamisi.

Jumatatu alibisha hodi Majengo. Tahir alidhani amekuja kumtukana, na alikuwa tayari, maana aliona anastahili. Wakonyo alikunywa kwanza chai ya Mishi.

"Jikoni ndiyo itaenda kwanza," alisema.

Tahir alisimama. "Nitawaendea. Nitasema yote, kwamba Brovard hajawahi kuwepo, wautoe mstari huku waurudishe kule."

"Keti chini. Utashikwa wewe, na X itabaki. Umeona wapi alama nyekundu ikifutwa na ukweli?" Akachomoa karatasi kwenye kiondo chake. "Andika. Andika nyumba yangu ni ya huyo Mfaransa wako."

Tahir aliisukuma karatasi kando. "Mama Njambi, ile ni yangu. Ndiyo ya kwanza yenye dirisha. Hata kama nilisema nini siku ile, ile ni yangu."

"Wĩ Tahir, unafikiri mimi ni mjinga? Siku ile nilijua unadanganya. Ulinieleza dirisha ni la mama yako. Mtu atanakili mama yake kutoka kwa Mzungu?" Sasa na yeye alikuwa analia, kwa hasira. "Najua ni yako. Ndio maana sitaki ianguke. Ya Tahir inaanguka Alhamisi. Ya Mfaransa haiguswi. Wewe chagua."

Mishi alimshikia karatasi isiteleze, kwa kuwa mkono ulikuwa umezidi kutetemeka. Tahir akaandika: "Mimi, Tahir Swaleh, mkazi wa Majengo, Thika, nathibitisha kwamba nyumba hii haikubuniwa nami. Niliinakili mstari kwa mstari kutoka michoro ya msanifu Anselme Brovard, na hakuna chochote ndani yake kilicho changu."

Wakonyo alisoma. "Weka dirisha pia. Ndilo wataangalia."

Tahir akaongeza: "Hasa dirisha la jikoni." Kisha akatia saini, jina zima, kwa herufi kubwa zinazosomeka.

Alhamisi alikwenda kushuhudia. Wakonyo alikuwa ameitia barua kwenye fremu ya kioo na kuipigilia ukutani, juu ya ile X. Tingatinga lilikuwa linanguruma. Afisa wa barabara, kijana nadhifu mwenye kofia ngumu, alisoma barua yote kwa sauti, akachungulia jikoni, akaliona dirisha.

"Na huyu Tahir Swaleh ni nani?" aliuliza.

Wakonyo alifungua mdomo. Kwa miaka thelathini alikuwa na jibu la swali hilo, na sasa alilimeza, akatazama chini.

"Ni fundi tu," Tahir alisema. "Alinakili."

"Angalau alikuwa na aibu ya kukubali." Afisa aliagiza X ifutwe. "Nyumba ya Mfaransa, na tulikuwa karibu kuiangusha! Ingekuwa ya fundi wa hapa sawa."

Tingatinga likajikokota hadi nyumba iliyofuata. Kwenye geti lake alisimama mwanamume na mkewe, wamebeba viti na godoro, na Tahir aliitambua ile nyumba kabla hajawatambua wenyewe. Ilikuwa ya mwaka wa tisini na sita. Mwanamume aliiangalia fremu kwa Wakonyo, akamwangalia Tahir, akaliangusha godoro.

"Baba Ikhlas," aliita, "una kalamu?"

Alikuwa nayo. Aliandikia juu ya boneti la gari la afisa, mkono ukimruka, Wakonyo akimshikia karatasi. Baada ya huyo akaja mwingine, kisha mama mmoja mwenye mapacha, kisha yule mwalimu wa mabati. Afisa alikuwa anatikisa kichwa kwa mshangao, akisema kumbe huyu Mfaransa alifanya kazi namna hii na shuleni hawakufundishwa. Kufika saa sita mchana tingatinga lilikuwa limezimwa, na jina la Tahir Swaleh lilikuwa limetundikwa kwenye kuta kumi na moja za Gitothua, kila moja ikieleza kwamba si yeye aliyeichora.